Noti yangu wameikataa, divai yao wanataka niimeze

Nianze na noti, maana hasira yangu ilizaliwa mlangoni pa kaduka haka ka divai kabla sijaonja kitu. Ilikuwa noti ya dola kumi, safi, ila pembeni ilikuwa na mpasuko usiofika hata urefu wa punje ya mchele. Kijana aliyekuwa anapokea pesa aliiinua kwenye taa, akaigeuza, akapitisha ukucha pembeni, akanirudishia. "Mama, hii haitapita." Mtu wa Lubumbashi anaijua kesi hiyo, haina rufaa. Sikubishana. Nikakopa dola kumi kwa rafiki yangu niliyekuja naye, nikaingia. Noti yenyewe nikairudisha kwenye pochi, na naomba muikumbuke, tutakutana nayo tena.

Kaduka kenyewe ni kadogo, ka mtaa, hata kibao hakana. Kalianzishwa na majirani waliokuwa kwenye likelemba moja, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu: zamu ya kupokea ilipofika kwa mzee mmoja, badala ya kununua mabati akaagiza makatoni ya divai, wenzake wakamfuata. Kila Ijumaa jioni wanafungua chupa tano au sita, unalipa, unaonja, unauliza. Nimekuwa nikienda tangu mwaka jana, au ni mwaka juzi? Najua tu mvua ilikuwa kali na viatu vyangu viliharibika njiani.

Na nilikapenda. Niseme hivyo kabla sijachemka. Nilikapenda kwa sababu ya muzee huyo, mstaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi, mtu wa sauti ya chini ambaye hakuwahi kumfanya yeyote ajione mshamba. Ndiye aliyetueleza kwamba Wafaransa wanaposema divai nyekundu inywewe kwa joto la chumba, chumba wanachokisema ni cha kwao, cha kuta nene za mawe, nyuzi 16 hadi 18. Si chumba chetu cha mwezi wa kumi, chini ya bati, mvua bado inasitasita na watu wanalala na madirisha wazi. Kwa hiyo yeye huzilaza chupa nyekundu kwenye beseni la maji na kuzifunika kitambaa kibichi kabla wageni hawajafika. Wa kwanza kucheka ile beseni nilikuwa mimi. Wa kwanza kuiiga nyumbani pia.

Alitufundisha na habari ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Divai nyingi ya mezani kwetu inatoka Afrika Kusini kwa lori, inapanda mpaka Zambia, halafu inakwama mpakani kwenye ile foleni ya malori tunayoijua sote, siku juu ya siku, turubai linawaka jua. Divai ikipata joto namna hiyo inatanuka ndani ya chupa na kusukuma kizibo. Ndiyo maana hupitisha kidole gumba juu ya kila chupa: kizibo kikiwa kimeinuka, au shingo ikinata, anaitenga pembeni. Imepikwa hiyo, anasema, mtakunywa supu ya matunda.

Halafu kuna Ijumaa moja alitufungulia kwa makusudi chupa yenye ugonjwa mwingine, ule wa kizibo. Huo hauhusiani na joto wala lori. Unatoka kwenye kizibo chenyewe, kile cha gome la mti, na kiasi kidogo mno kinatosha kuzima harufu yote ya tunda na kubakiza harufu ya karatoni iliyonyeshewa, au kitambaa cha kudeki kilichosahaulika ndooni. Hauui mtu, wala tumbo haliumi. Ila divai imekufa. "Nuseni vizuri," alisema, "mkiinusa mara moja hamtaisahau."

Sikuisahau. Mimi nimelelewa na nkambo wangu, bibi yangu, kule Kipushi, mpishi wa munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi. Alikuwa akisogeza pua tu juu ya kibuyu, anakwambia kama mizizi imeushika uji wa mahindi au kama mjukuu fulani hakukiosha kibuyu jana. Mjukuu fulani nilikuwa mimi. Pua hiyo nimeirithi, na kazini kwangu wananiita niende kunusa maziwa.

Sasa Ijumaa yenyewe. Muzee hayupo, amekwenda msibani. Mahali pake amesimama kijana, mtoto wa mmoja wa wenye mtaji, shati jeupe, Kifaransa cha kwenye televisheni. Umeme ukakatika kama kawaida, wakawasha grupu, yaani jenereta, na grupu hilo wameliweka chini ya dirisha! Moshi wa mazuti, mafuta ya dizeli, ukaingia moja kwa moja kwenye glasi zetu. Watu wamekuja kunusa, wewe unawapa mazuti. Nikanyamaza. Chenin nyeupe ikapita, ilikuwa baridi, nzuri. Ikaja Pinotage, nyekundu ya Afrika Kusini, na hapo nilingojea hadithi ambayo muzee huisimulia kila mara, jinsi profesa Abraham Perold alivyoioza zabibu ya Pinot Noir kwa ya Cinsaut huko Stellenbosch mwaka 1925 likazaliwa tunda lisilofanana na baba wala mama. Kijana hakusimulia. Alikizungusha kifuniko cha bati kwa vidole viwili kama mtu anayeokota kitu sakafuni, akasema hizi za kufunguka hivi ni za kuanzia tu, tungojee divai ya kweli.

Divai ya kweli ilikuwa Bordeaux ya Ufaransa, ya kizibo. Akaifungua kwa mbwembwe, akatumiminia, na kabla glasi haijafika mdomoni nikajua. Karatoni. Karatoni ya unga iliyolala uani usiku wa mvua. Nikainusa tena, nikiogopa kulaumu bure kwa sababu ya lile grupu. Nikafunika glasi kwa kiganja, nikaitikisa, nikafunua. Ile ile.

Nikamwita taratibu, maana mtoto wa mtu huwezi kumvua nguo mbele ya watu. Nikamwambia, mwanangu, naona chupa hii ina ugonjwa wa kizibo, hebu inuse. Hakuinusa. Hapo ndipo ninapotaka mnielewe: angeinusa akakataa, ningesema tumetofautiana pua. Hakuisogeza hata karibu. Alitabasamu, akawageukia wengine, akasema kwa sauti ya kusikika: "Mama, njo ladha yake. Divai haiko Simba." Simba ni bia yetu ya hapa.

Wakacheka. Si wote, lakini wa kutosha. Na baba mmoja wa mbele, tumbo limetangulia, akaisukutua mdomoni, akafumba macho, akatangaza kwamba anasikia msitu baada ya mvua. Msitu! Wakaanza kuitikia, mmoja udongo, mwingine majani makavu, wakaisifu karatoni mpaka ikaisha chupani. Rafiki yangu, yule ninayemdai heshima na yeye ananidai dola kumi, akaimaliza yake na kuninong'oneza: "Yaya, nyamaza, tumekwisha kulipa."

Nilikuwa na majibu mengi, yakaja yote nikiwa nyumbani nimeshavua viatu. Kwanza, Simba naipenda na sitaiomba radhi. Pili, Simba ikiwa mbovu naipeleka kwa mwenye baa kule Katuba, mama ambaye hajawahi kulisikia jina la Stellenbosch, naye anaibadilisha bila maswali na kuniongezea karanga. Tatu, hicho kifuniko cha bati alichokidharau hakina gome ndani yake la kuleta ugonjwa ule, na Australia na New Zealand wanakitumia hata kwa chupa za bei kubwa. Lakini lililonikaba koo lilikuwa la noti. Noti yangu ina mpasuko wa punje ya mchele, wameinyanyua kwenye taa, wameigeuza mara mbili, wameikataa. Divai yao imekufa kabisa, ninaambiwa nimeze, na nisipomeza ni mshamba.

Usiku ule niliandika hapa neno moja tu: msiende. Asubuhi nikalifuta. Mchana nikamsimulia mtu kazini, nikapandwa tena, nikalirudisha.

Kisha, zilipita wiki mbili hivi, muzee akanipigia. Sijui nani alimwambia. Kumbe walibakisha kidogo chupani, na aliporudi kutoka msibani alikuta ile chupa kwenye friji, akaikaribia, akarudi nyuma. "Mama, ulisema kweli. Kuya siku ya Jumamosi, na rafiki yako." Nikajivuta, nikakataa, nikaenda.

Alikuwa amelaza kwenye beseni chupa nyingine ya katoni ile ile, jina lile lile, mwaka ule ule. Akaifungua, akanipa kizibo kwanza, halafu glasi, akanyamaza. Jamani. Ile haikuwa karatoni. Ilikuwa zambarau mbivu, na nyuma yake kitu kama moshi wa jiko la makala ukiwa umeshatulia, na ilikaa kinywani mpaka nikasahau nilikuja na hasira gani. Sijawahi kunywa kitu kizuri namna ile, na dukani kwingine sijui kama ningepewa tena glasi bure ya chupa ya bei ile. Kwa hiyo nyota tano.

Hapana, ngojeni. Nikiwa katikati ya glasi hasira ikarudi, mbaya kuliko ya kwanza. Chupa za aina hii walikuwa nazo! Zilikuwa chini ya meza, hatua mbili kutoka kwa yule kijana. Angeinusa tu, akafungua nyingine, chumba kizima kingeonja hii. Sasa kuna watu kama kumi na moja hapa mjini wanaoamini kwa moyo wote kwamba Bordeaux inanuka mvua, na yule baba wa tumbo bila shaka anawafundisha wengine. Nyota mbili.

Muzee anasema kuna watu ambao pua zao haziushiki ugonjwa huo kabisa, hata uwe mkali, na labda kijana ni mmoja wao. Nimeliwaza hilo. Inawezekana. Mdomo lakini anao mzima. Alipita akiwa amebeba makatoni, akasema "bonjour mama" akiviangalia viatu vyake, akaendelea na safari. Kama hiyo ndiyo radhi, ilikuwa nyepesi. Weka tatu. Tatu muzee akiwepo. Asipokuwepo, pigeni simu kwanza muulize nani anamimina, na grupu limekaa upande gani.

Wakati wa kuondoka nilitaka kulipa, akakataa. Nikasema siondoki na deni la divai, nikafungua pochi na kumwekea mezani ile noti, ile ile ya dola kumi. Muzee akavaa miwani. Akaiinua kwenye taa, akaigeuza, akapitisha kidole gumba pembeni, polepole, kama anavyofanya kwenye vizibo. Akanirudishia.

"Mama, hii haitapita."

Nikahesabu faranga.