Hadidiski ya Kununua Kisumu: Soma Namba ya Modeli Kabla ya Kuuliza Ukubwa

Tangu niandike kuhusu kompyuta za ex-UK, malalamiko yanayonifikia kwa wingi ni ya hadidiski mpya kabisa, zilizotoka kwenye mfuko uliofungwa, zinazokwamakwama. Dada mmoja wa Kakamega anayepiga video za harusi alinunua ya terabaiti 2. Ikamwendea vizuri miezi ya mwanzo. Halafu jioni moja anahamisha harusi nzima kutoka kwenye kadi, akaona mwendo umeshuka kutoka megabaiti 180 kwa sekunde hadi 12, ukafika sufuri, ukapanda kidogo, ukarudi sufuri. Fundi wa kwanza akasema ni virusi, akalipwa kuviondoa. Wa pili akasema ni waya wa SATA, ule unaounganisha diski na kompyuta, ukanunuliwa mwingine. Mwendo ukabaki ule ule. Nilimwomba anitumie picha ya lebo ya diski: ST2000DM008. Hiyo ni Seagate Barracuda ya SMR, mtindo wa kuandika data nitakaoueleza hapa chini, na inafanya vile ilivyoundwa kufanya. Aliyemuuzia hakumtajia neno hilo hata mara moja.

Kwa hiyo mwongozo huu hautashughulika sana na gigabaiti wala mizunguko 5400 au 7200 kwa dakika. Hayo kila muuzaji anayaimba. Nitasema tu kwamba Windows ikae kwenye SSD, ile diski ya haraka isiyo na kitu kinachozunguka, hata ndogo, na hadidiski ya kuzunguka iwe ghala la picha, video na kazi zako. Na ukiona terabaiti 1 imeonyeshwa kama gigabaiti 931, hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024.

Tuingie kwenye SMR.

Ndani ya hadidiski kuna sahani zinazozunguka, na data inaandikwa kwenye njia za duara. Kwa mtindo wa zamani, unaoitwa CMR, kila njia imelala peke yake. Kwa SMR njia zimepandana kama mabati ya paa, kila moja ikifunika ukingo wa jirani yake. Kichwa cha kusoma ni chembamba, kinapita vizuri kwenye sehemu iliyobaki wazi, ndiyo maana kufungua faili hakuna taabu. Kichwa cha kuandika ni kipana. Kikigusa njia moja kinaharibu iliyo jirani, kwa hiyo ili kubadilisha kitu kidogo, diski inalazimika kusoma kundi zima la njia, kufanya badiliko, kisha kuliandika kundi lote upya. Mtengenezaji anapata nafasi zaidi kwenye sahani ile ile, hivyo anatumia sahani chache. Seagate ilianza kuuza diski hizi 2013.

Ili usiligundue hilo haraka, sehemu ndogo ya diski imeachwa kwa mtindo wa CMR. Faili zako zinatua hapo kwanza, kisha diski inazihamisha yenyewe taratibu wakati huna kazi nayo. Sehemu hiyo ikijaa kabla diski haijapata nafasi ya kuhamisha, ndipo mwendo unaporomoka. Diski ikiwa tupu huoni chochote. Ndiyo maana jaribio la dukani halisaidii: muuzaji atanakili filamu moja mbele yako, itakimbia, utalipa. Ubaya unajitokeza baadaye, diski ikishajaa nusu na umeanza kufuta na kuandika upya.

Na hapa kwetu kuna jambo linalozidisha tatizo. Diski ya SMR inahitaji kuachwa imewaka bila kazi ili ijipange. Nani hapa Kisumu anaacha kompyuta imewaka bure na tokeni zinavyokwisha? Mtu ananakili kazi yake, anazima, analala. Au yuko katikati ya kunakili na stima inapotea Nyalenda nzima. Kesho yake diski inaamka na kiporo cha jana bado hakijahamishwa, na wewe unaiongezea mzigo mwingine. Ndiyo maana naona SMR ni chaguo baya zaidi kwetu kuliko kwa mtu ambaye kompyuta yake haizimwi usiku kucha.

Haki yake niitaje: kama unataka kujaza filamu na nyimbo mara moja, uzitazame tu bila kufuta, SMR itakutosha. Lakini mtu wa video, wa saiber, wa kanda za CCTV, wa hesabu za duka, mwalimu anayehifadhi nakala kila Ijumaa, asiiguse.

Utaijuaje? Maandishi makubwa ya kwenye boksi hayakwambii. Soma namba ya modeli kwenye lebo ya diski yenyewe, herufi kwa herufi, kisha uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kampuni zote tatu zilizobaki, Seagate, Western Digital na Toshiba, sasa zina orodha za CMR na SMR. Herufi moja inatosha kukuponza. WD Blue ya terabaiti 4 yenye namba WD40EZAZ ni SMR. WD40EZAX ni CMR. Zina rangi moja, ukubwa mmoja, na kwenye rafu zinakaa bega kwa bega. Muuzaji akikuambia "hizo ni sawa, madam", mwombe akusomee herufi ya mwisho.

Dalili nyingine ni kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya diski. Wauzaji wanaisifia: "Hii ina kashe ya 256!" Kwenye diski ndogo ya terabaiti 2 ya kawaida, kashe kubwa namna hiyo inapaswa kukufanya ushuku. Barracuda ya zamani ya terabaiti 2, ST2000DM006, ilikuwa na megabaiti 64 na ilikuwa CMR. Iliyofuata, DM008, ikapewa 256 na ikawa SMR. Hiki si kipimo cha uhakika, kwa sababu ziko CMR nzuri zenye kashe ya 256, ila kinatosha kukufanya utoe simu na kutafuta ile namba. Kama diski tayari unayo nyumbani, weka programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Ukiona imeandika kuwa diski yako ya kuzunguka inakubali TRIM, yaani amri ya kuiambia diski ni nafasi gani zimefutwa, hiyo ni SMR. Isipoonyesha, bado hujaponea, rudi kwenye orodha ya mtengenezaji.

Sasa mpangilio wangu, na sitajificha: napendelea Seagate IronWolf, na ningemshauri mtu asubiri mwezi mmoja achange pesa ya IronWolf kuliko anunue kitu kingine leo. Imeundwa kwa NAS, yaani zile hifadhi za pamoja ambazo kompyuta za ofisi zinazifikia kupitia mtandao wa ndani, lakini kwenye kompyuta ya kawaida inachomekwa kama diski yoyote ya SATA. Sababu yangu kubwa ni kwamba Seagate imesema wazi kuwa hakuna IronWolf ya SMR, ukubwa wowote. Hulazimiki kukariri herufi. Linganisha pia kazi ambayo kila moja imeandikiwa na kampuni yenyewe: Barracuda ni terabaiti 55 za kusoma na kuandika kwa mwaka na saa 2400 za kuwaka, yaani kama saa sita na nusu kwa siku. IronWolf ni terabaiti 180 na saa 8760, mwaka mzima bila kuzimwa. Mtu wa saiber pale Kondele anayefungua asubuhi na kufunga usiku anamaliza saa za Barracuda kabla ya Agosti. Waranti ya IronWolf ni miaka mitatu, ya Barracuda miwili. Nikiwekewa IronWolf ya terabaiti 4 na Barracuda ya 6, nachukua ile ya 4 bila kufikiri.

Ya pili ni WD Red Plus, na neno Plus usiliache. Aprili 2020 ilibainika kuwa Western Digital ilikuwa imeingiza SMR kimyakimya kwenye WD Red za terabaiti 2 hadi 6, diski ambazo watu walizinunua kwa bei ya juu mahususi kwa ajili ya hifadhi za ofisi. Modeli kama WD40EFAX. Watu wakakasirika, kesi zikafunguliwa Marekani, na mwaka huo huo kampuni ikatenganisha majina: Red Plus ikawa CMR, Red tupu ikabaki na SMR. Red Plus yenyewe ni diski tulivu na nzuri sana, haina kelele. Naiweka ya pili kwa sababu sijaisamehe kampuni. Mtu aliyelipa zaidi ili apate kilicho bora, akapewa kilicho duni bila kuambiwa, alidhulumiwa. Seagate na Toshiba nazo zilikuwa zimeficha kwenye diski zao za bei ya chini, na hilo nalo ni kosa, lakini Seagate angalau haikugusa IronWolf.

Ya tatu inaweza kuwashangaza: WD Purple, ile ya CCTV. Ni CMR, ina waranti ya miaka mitatu, imekusudiwa kuandika usiku na mchana, na kwa mtu wa huku ina faida moja kubwa: inapatikana. Kila duka la kamera kuanzia Oginga Odinga Street hadi Kibuye linayo, na hivyo hivyo Kakamega, Bungoma na Busia, wakati IronWolf mara nyingi utaisubiri ije na basi kutoka Nairobi. Kwa ghala la video ni nzuri. Ukiijaza maelfu ya faili ndogondogo utaiona ni nzito kidogo. Yule dada wa Kakamega nilimwambia achukue hii, ya terabaiti 4, na ile Barracuda yake aifanye ghala la harusi zilizokwisha, ambazo hazifutwi tena.

Kama unatosheka na terabaiti 1, mambo ni mepesi: Barracuda ST1000DM010 na WD Blue WD10EZEX zote mbili ni CMR, zote zinazunguka 7200, chukua utakayoikuta.

Diski nyembamba za laptopu, inchi 2.5, za terabaiti 1 kwenda juu: karibu zote za sasa ni SMR. Kama kompyuta yako ni ile Dell OptiPlex ndogo kama kitabu, hiyo ndiyo itakayoingia, kwa hiyo ni heri ununue SSD. Na ukivuka terabaiti 2 kwenye mashine kuukuu, mwambie fundi aigawe kwa GPT, mpangilio mpya wa kugawa diski, si MBR ule wa zamani. Kwa MBR, kilichozidi terabaiti 2 hutakiona.

Za mitumba sina mengi ya kusema. Ukilazimika, fungua CrystalDiskInfo kabla ya kulipa, tazama saa za kuwaka na sekta zilizohamishwa (Reallocated Sectors), yaani sehemu zilizoharibika ambazo diski imeziacha. Purple yenye saa 26,000 imetoka kwenye kamera za mtu baada ya miaka mitatu bila kuzimwa.

Lakini kinachonikera zaidi ni za mitumba zinazouzwa kama mpya. Hili limetokea hata Ulaya: Januari 2025 wanahabari wa Heise wa Ujerumani walifichua kuwa diski za Seagate zilizokwisha kutumika kwa maelfu ya saa zilikuwa zimefutwa rekodi zake na kuuzwa kama mpya kwenye maduka ya heshima. Kama Mjerumani anauziwa hivyo, sisi je? Kwa hiyo, ukiwa bado umesimama dukani, andika namba ya mfululizo ya diski (serial number, S/N kwenye lebo) kwenye ukurasa wa waranti wa Seagate au WD uone inaisha lini. Diski mpya ya waranti ya miaka mitatu inayoonyesha imebakiza miezi minane ina historia ambayo hujaambiwa. Muuzaji mmoja katikati ya mji aliniambia hiyo tovuti "haisomi za Afrika". Inazisoma.

Hilo linanifikisha kwenye waranti. Kampuni inatoa miaka mitatu, duka linabandika stika ya mwaka mmoja, mengine miezi sita, na ukirudi unaambiwa diski lazima iende Nairobi kwa gharama yako, nauli ya kifurushi kwenda na kurudi. Ile miaka mingine ilienda wapi? Tulishailipia, pamoja na VAT ya asilimia 16. Dai miaka yote iandikwe kwenye risiti, pamoja na namba ya mfululizo ya diski. Risiti inayosema "hard disk 2TB, 1pc" haitakusaidia siku ya kudai.

Na bei. Mwongozo wa kununua ungepaswa kuwa na bei, najua, na mtaniuliza. Nilijaribu kuzikusanya. Tangazo baada ya tangazo: picha ya diski, alama za moto, na "bei inbox". Ukienda inbox unaulizwa kwanza uko wapi na ni ya kazi gani, kisha unatajiwa bei kulingana na ulivyojibu. Diski ile ile, mimi nikapewa bei moja na mdogo wangu wa kiume, aliyeuliza kwa lugha ya mafundi, akapewa iliyo chini. Siwezi kuwachapishia bei za namna hiyo kana kwamba ni za kweli. Wenye maduka wa Kisumu mnaosoma hapa, nawaomba mambo mawili kwenye matangazo yenu: bei, na namba kamili ya modeli hadi herufi ya mwisho. Duka la kwanza litakaloanza kufanya hivyo nitalitaja hapa kwa jina, bure, na nitawatuma wasomaji wangu wote kwake.