Kifurushi cha survey ndani ya R: hodari wa hesabu, ila sampuli utachagua mwenyewe

Ukichukua data za kaya zilizochaguliwa kwa klasta (vikundi vya kaya jirani, kama mtaa au kijiji) ukaziingiza Excel kutafuta wastani na kosa sanifu (kipimo cha kiasi ambacho makadirio yanaweza kuyumba), Excel itazihesabu kana kwamba kila kaya ilichaguliwa peke yake, kama namba za bahati nasibu. Wastani unaweza kutoka si mbaya sana. Kosa sanifu ndilo litakalokudanganya, na mara nyingi litakudanganya kwa kuwa dogo kupita kiasi.

Kazi ya kulirekebisha hilo inafanywa vizuri na kifurushi cha survey, kilichoandikwa na Thomas Lumley, mtakwimu wa Chuo Kikuu cha Auckland. Ni cha bure na kinatumika ndani ya R, programu ya takwimu ambayo nayo ni ya bure. Stata, programu nyingine ya takwimu, ina amri ya svyset inayofanya kazi ileile, lakini leseni yake inalipiwa. SPSS nayo ina moduli ya sampuli changamano, ambayo huuzwa kama nyongeza. Kwa mwanafunzi, kwa shirika dogo, au kwa ofisi ya halmashauri inayotaka kufanya uchambuzi wake yenyewe, hiki ndicho tunachokipendekeza, pamoja na kasoro zake tutakazozitaja.

Kukisakinisha ni amri moja, install.packages("survey"), na bando dogo linatosha. Kabla hujagusa data zako, andika library(survey), kisha data(api). Zitafunguka data za shule za California zinazokuja na kifurushi chenyewe, na hapo kuna somo zuri kuliko sura nyingi za vitabu. Jumla ya shule ni 6,194 na wastani halisi wa alama zao unajulikana: 664.7. Kisha zipo sampuli zilizochotwa kwa njia tofauti kutoka shule hizohizo. Sampuli nasibu rahisi ya shule 200 inatoa wastani wa 656.6 na kosa sanifu la 9.25. Sampuli ya klasta yenye shule 183, ambazo zote zimetoka katika wilaya 15 tu, inatoa 644.2 na kosa sanifu la 23.5. Idadi ya shule inakaribiana, lakini kosa ni zaidi ya mara mbili. Ukiongeza deff = TRUE kwenye svymean, amri ya kutafuta wastani, utaonyeshwa kwamba athari ya muundo ni kama 9.3, maana yake zile shule 183 zina taarifa sawa na shule 20 hivi zilizochaguliwa moja moja. Shule za wilaya moja hufanana, na ukishaiona ya kwanza, ya kumi inakuongezea kidogo sana.

Baada ya hapo kila kitu kinategemea amri moja, ile ya kukieleza kifurushi jinsi sampuli ilivyopatikana. Tuchukue utafiti wa afya na idadi ya watu wa Kenya wa 2022:

muundo <- svydesign(ids = ~v021, strata = ~v023, weights = ~uzito, data = wanawake, nest = TRUE)

Safu ya v021 ni klasta, v023 ni tabaka (sehemu ya nchi ambayo klasta zake zilichaguliwa peke yake), na uzito (kiasi ambacho kila aliyehojiwa anahesabiwa) ni v005 iliyogawanywa kwa 1,000,000, kwa sababu kwenye faili imehifadhiwa bila desimali. Utafiti ule ulichagua klasta 1,692 na kaya 25 katika kila klasta, na matabaka yalikuwa 92: kaunti 45 zilizogawanywa mjini na kijijini, pamoja na Nairobi na Mombasa ambazo ni mjini tupu. Kwa hiyo hesabu thamani tofauti zilizomo kwenye safu ya tabaka. Usipopata 92, umeshika safu isiyo yake. Ukaguzi huu wa nusu dakika hufanywa na wachache mno, na safu ya tabaka si ileile kila mara katika tafiti za nchi na miaka tofauti. Jambo jingine ni kwamba uzito wa tafiti hizi umesawazishwa ili jumla yake ilingane na idadi ya waliohojiwa. Asilimia utazipata sawasawa, lakini svytotal, amri ya kutafuta jumla, haitakupa idadi ya wanawake wa Kenya.

Maneno nest = TRUE yanahitajika pale namba za klasta zinapoanza upya katika kila tabaka. Ukiyasahau, kifurushi kinagoma na kukueleza kwa Kiingereza kwamba klasta hazijakaa ndani ya matabaka. Hapo kinakusaidia. Ukisahau uzito, kinatoa onyo tu na kuendelea, kikichukulia kwamba kila mtu alikuwa na nafasi sawa. Kwa maoni yetu hapo kingegoma pia.

Kwa utafiti wako mwenyewe, uzito hautoki kwenye kifurushi. Utauandaa wewe, na utaweza tu kama timu ya uwanjani ilihifadhi namba zinazohitajika. Tuseme tabaka lina kaya 18,000 kwa mujibu wa sensa, ukachagua klasta 20 kwa uwiano wa ukubwa, yaani klasta yenye kaya nyingi ikiwa na nafasi kubwa zaidi. Klasta yenye kaya 150 ina nafasi ya 20 × 150 ÷ 18,000, yaani moja kwa sita. Wadadisi wanafika, wanaorodhesha upya na kukuta kaya zimekuwa 180, wanachagua 15: nafasi ya moja kwa kumi na mbili. Zidisha, utapata moja kwa 72, basi uzito ni 72. Kati ya hizo 15 zikajibu 12. Zidisha kwa 15/12, uzito unakuwa 90. Kama orodha mpya ingebaki na kaya 150, uzito wa kuanzia ungekuwa 60. Tofauti hiyo haiwezi kurekebishwa na programu yoyote ikiwa msimamizi aliitupa karatasi ya kuorodhesha kaya, au kama dodoso la kwenye simu halina sehemu ya namba ya klasta. Data za namna hiyo huletwa kwa mchambuzi kila siku, zikiwa na majina ya vijiji yaliyoandikwa kwa tahajia nne.

Kosa linalofanywa sana na wenye uzoefu wa R ni kuchuja data mapema. Anataka wanawake wa miaka 15 hadi 19 tu, basi anawafuta wengine kwanza, ndipo anaandika svydesign. Klasta ambazo hazikuwa na msichana wa umri huo zinapotea kabisa, na kosa sanifu linaharibika. Andika svydesign kwa data zote, kisha chuja muundo wenyewe: subset(muundo, v012 < 20). Kwa kufanya kinyume, pia utakutana na tabaka lililobaki na klasta moja, na kifurushi kitakataa kuendelea. Wengi hukimbilia options(survey.lonely.psu = "adjust") ili kikae kimya. Inakubalika pale ambapo tabaka lilikuwa na klasta moja kweli. Kama umelisababisha wewe kwa kuchuja, unafunika tatizo.

Mitego midogo ni mingi. Swali lenye majibu 1 kwa ndiyo na 2 kwa hapana litakupa wastani wa 1.6 usio na maana yoyote, kwa hiyo lizungushie factor(). Namba 98 ya "sijui" itaingia kwenye wastani usipoiondoa. Jibu moja tupu linatosha kukurudishia NA, yaani hakuna jibu, hadi uongeze na.rm = TRUE. Kwa asilimia ndogo, kama ya jambo linalowapata watu wawili kwa mia, tumia svyciprop badala ya svymean, vinginevyo mpaka wa chini wa makadirio unaweza kushuka chini ya sifuri.

Utafiti mdogo una mtego wake, nao hauonekani kwa urahisi. Amri ya confint, inayotoa mipaka ya makadirio, huzidisha kosa sanifu kwa 1.96 isipoambiwa vingine. Ukiwa na klasta 12 katika matabaka manne, ulicho nacho ni digrii huru 8 tu (klasta ukitoa matabaka), na namba sahihi ni 2.31. Andika confint(matokeo, df = degf(muundo)) na mipaka itapanuka inavyopaswa. Kuhoji watu 600 katika klasta hizo 12 hakubadilishi chochote hapo.

Upande wa kupanga utafiti ndio dhaifu. Kifurushi hakichagui sampuli ya klasta. Kwa uchaguzi wa klasta kwa uwiano wa ukubwa itabidi uongeze kifurushi kingine, sampling, cha Yves Tillé na Alina Matei, au ufanye kwa jedwali la kawaida ukijumlisha kaya na kuruka kwa nafasi sawa. Ukubwa wa sampuli nao hakikupi. Hata hivyo kinakupa kitu bora kuliko ile 384 inayonakiliwa kutoka pendekezo moja hadi jingine. Hiyo 384 ni ya sampuli nasibu rahisi, asilimia 50, kosa la asilimia 5. Chukua utafiti uliopita wa eneo lako na uombe deff ya swali linalokuhusu. Ikitoka 2.2 kwa watu 25 katika klasta, unahitaji 845, na ukitarajia asilimia 90 wajibu, 939. Unaweza pia kukadiria kufanana kwa majirani: toa 1 kwenye deff, gawanya kwa 24 (watu wa klasta ukitoa mmoja), unapata 0.05. Ukipunguza hadi watu 12 kwa klasta, deff inashuka hadi 1.55 na hitaji linakuwa kama watu 662 waliochaguliwa, ila sasa klasta ni 56 badala ya 38. Mafuta ya gari ndiyo yatakayoamua.

Kulinganisha sampuli na sensa kunafanywa na postStratify kwa kundi moja la sifa, au rake kwa sifa kadhaa kwa zamu. Wadadisi wakipita mchana, wanaume wamekwenda kazini, na sampuli inaweza kuja na wanawake wengi mno. Tumia idadi za sensa za rika ulilohoji, si za watu wote: zile 61,741,120 za Tanzania 2022 zina watoto ndani yake. Baada ya rake angalia uzito mkubwa kabisa. Ukiwa mara kumi ya ule wa kati, unganisha makundi madogo kwanza, na trimWeights, amri ya kupunguza uzito uliozidi, iwe njia ya mwisho.

Maelezo yote ni ya Kiingereza, na mifano ni ya Marekani zaidi. Kwa kawaida data zote hukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, lakini faili la wanawake la utafiti wa taifa halitaisumbua kompyuta mpakato ya kawaida, mradi ubakize safu unazozihitaji. Kama ulichagua watu 60 moja kwa moja kutoka orodha ya wanachama wa ushirika mmoja, Excel inakutosha.