Tangi la mawimbi la fundi vioo wa Moshi: nimelifundishia tsunami, na nalipendekeza

Walimu wenzangu wa jiografia wa Moshi na Arusha, kama shule imewatengea laki moja na themanini ya zana za kufundishia, msiimalizie kwenye chati za ukutani. Ipelekeni kwa fundi vioo.

Mimi nilimpelekea fundi wa hapa Majengo mchoro wa mkono. Alichonitengenezea ni tangi la kioo cha milimita 6, urefu mita moja na nusu, upana futi moja, limebanwa kwa silikoni na kuzungushiwa fremu ya alumini. Upande mmoja, vidole vinne juu ya sakafu, kuna kibao cha plastiki ngumu chenye bawaba, na kipini cha kukipandishia au kukishushia. Upande wa pili kuna mteremko uliopakwa gundi na kumwagiwa mchanga. Hapo ndipo pwani. Linakula ndoo tatu na kitu za maji. Weka wino wa bluu kidogo ili hata walioketi nyuma waone.

Ukikiinua kibao kwa ghafla, maji yote yaliyo juu yake yananyanyuka kwa pamoja, na hapo somo linaanza. Wanafunzi wengi wa kidato cha tatu huja wakiamini tsunami ni wimbi la upepo lililokuwa kubwa mno. Upepo hauhusiki. Chini ya bahari bamba moja la dunia, yaani pande kubwa la mwamba wa ganda la dunia, linajisukuma chini ya jingine, yanakwama miaka mingi, halafu siku moja yanafyatuka na sakafu ya bahari inapanda au kushuka. Tarehe 26 Desemba 2004, karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia, mpasuko ulienda kama km 1,300 na tetemeko likafika ukubwa wa 9.1. Volkano na maporomoko ya ardhi huweza kufanya hivyo pia, ila hayo tangi hili haliyaonyeshi.

Katikati ya tangi wimbi halionekani vizuri, na darasani kwangu walilalamika. Nikawaambia hata aliye melini hashtuki: penye kina cha mita 4,000 tsunami inakimbia kama km 700 kwa saa, na mara nyingi haifiki hata mita moja kwa kimo. Ikifika penye kina cha mita 10, kasi inashuka hadi km 35 hivi, maji ya nyuma yanayakuta ya mbele, yanapandiana. Kwenye mteremko wa mchanga hilo linaonekana waziwazi.

Uzuri wenyewe wa kifaa hiki ni kukishusha kibao badala ya kukiinua. Nilikuwa nimepanga vibiriti vitupu ufukweni na kufukia kokoto chini ya maji. Kibao kiliposhuka, pwani ilikauka kwanza. Mchanga ukabaki mtupu unang'aa, kokoto zikajitokeza, na darasa zima likasogea mbele kuzitazama. Ndipo maji yakarudi na kuvizoa vibiriti vyote. Nikawarudishia: hivyo mlivyosogea ndivyo walivyofanya watu wengi 2004, walishuka kuokota samaki. Nikawasimulia habari ya Tilly Smith, mtoto wa miaka 10 kutoka Uingereza, aliyefundishwa tsunami shuleni majuma mawili tu kabla. Aliona bahari ya Phuket, Thailand, imebadilika, akawaambia wazazi wake, na watu wakaondolewa ufukweni.

Msisahau kuonyesha njia zote mbili, maana si kila mara bahari hukauka kwanza. Na kuna jambo ambalo tangi linadanganya: wimbi lake linapita mara moja na kwisha. Tsunami ya kweli inaweza kuwa na urefu wa zaidi ya km 100 kutoka wimbi hadi wimbi, kwa hiyo maji yanaendelea kupanda kwa dakika nyingi, yamebeba magari na mbao, kisha linafuata jingine ambalo linaweza kuwa kubwa kuliko la kwanza. Wanaorudi mapema kutafuta mali zao hufa. Hilo mwalimu alitamke mwenyewe, tena kwa msisitizo.

Kona moja ilivuja. Fundi alikuja, akakwangua silikoni, akapaka upya bila kudai hata mia; ilibidi tungoje hadi kesho yake ikauke. Kusafirisha, chukueni kirikuu na godoro kuukuu.

Kuna aliyeniuliza tsunami inatuhusu nini sisi wa chini ya Kilimanjaro. Watoto wetu likizo wako Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar. Mawimbi yale ya 2004 yalivuka bahari kwa zaidi ya saa saba, yakaua watu karibu 300 Somalia, na hapa Tanzania hawakupungua 10, wengine wakiogelea tu. Hakuna aliyekuwa amesikia ardhi ikitikisika. Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari, lakini mtoto aliye majini hana redio. Lazima ajue mwenyewe kukimbilia mwinuko.

Mkiagiza, mwambieni fundi arefushe mteremko kuliko wangu na aweke koki ya kutolea maji chini. Langu halina, tunachota kwa kopo.