B-52: injini nane mpya au nne kubwa?
B-52H, toleo la ndege kubwa ya Marekani ya kudondosha mabomu, ya mwisho ilitoka kiwandani 1962 na mpaka leo Wamarekani wanazirusha na injini za TF33, nane kila ndege, zinabugia mafuta balaa. Sasa injini hizo zinabadilishwa, na kuna waliosema wekeni nne kubwa kama za ndege za abiria, na kweli mafundi wangepumua, ila ikizima moja ya upande mmoja ndege inavutwa vibaya mno na usukani wa mkiani unaweza kushindwa kuinyoosha, halafu zikiwa nene vile zinakaribia ardhi, hapo ushaanza kuchora bawa upya. Injini mpya, F130 za Rolls-Royce zilizochaguliwa 2021, ni nane na zinakaa mbilimbili kama za zamani. Mimi nane tu, kabisa.