Kliniki ya Shangani: foleni ndefu ila dokta anamwangalia mgonjwa kweli

Naanza na mabaya tuyamalize kabisa. Hii kliniki ya pale Shangani, Mtwara mjini, jioni inajaa balaa, bima hawapokei ni keshi au simu, na yule dada wa mapokezi ukimuuliza kitu anakujibu macho yakiwa kwenye simu yake. Ila dokta wao jamani apewe maua yake.

Iko hivi, shemeji yangu ni mtu wa korosho, alienda Kollam kule Kerala, India, kuangalia viwanda vya kubangulia na wakazungushwa mpaka mashambani. Karudi mzima, wiki mbili hazijaisha homa ikampiga, kichwa, afu tumbo la kulia chini ya mbavu hata ukimgusa kidogo anaruka. Malaria hana. Tulikoanzia (sipataji) ultrasaundi ikaonyesha mfuko wa nyongo umevimba, ukuta umekuwa mnene lakini mawe hamna, wakamtundikia dripu na antibiotiki ya seftriaksoni, homa iko palepale, tukaanza kuambiwa tujiandae na upasuaji.

Huyu dokta kaiangalia ile picha, kaiweka pembeni, akauliza umesafiri hivi karibuni? Ulipita kwenye majani? Akamwambia vua shati, legeza mkanda, akawasha tochi ya simu akamkagua makwapa mpaka kiunoni. Si ndo akakikuta, kidonda kidogo kikavu, cheusi katikati pembeni pekundu, kama mtu kamzimia sigara, na hakiumi wala hakiwashi ndo maana mwenyewe hakujua kama anacho.

Akatuambia ni skrabu taifasi, inaambukizwa na utitiri wachanga wa kwenye vichaka huko Asia, wadogo kiasi kwamba huwaoni wakikung'ata, na kijidudu chenyewe kinaitwa Orientia tsutsugamushi. Kinashambulia kuta za mishipa midogo ya damu kwaiyo popote kinaweza kulipuka, nyongo inavimba bila mawe, kongosho, bandama, wengine wanatapika damu, wengine wanapasuliwa kidole tumbo kumbe kizima. Mi nilikuwa najua homa ya papasi tu aisee! Na seftriaksoni haikifikii maana kinajificha ndani ya seli. Akaandikiwa doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 7, dawa ya bei ya kawaida kabisa, na kabla ya siku mbili homa ikakata akaanza kudai ugali.

Kipimo cha kuthibitisha hawana, dokta alisema wazi, kaamua kwa kidonda na ile safari, na akasisitiza tumbo likikaza au akitapika damu tukimbilie hospitali kubwa usiku uleule. Ultrasaundi ya kurudia ukuta umeshapungua, kisu hakijamgusa.

Nyota nne, ya tano waongeze mabenchi maana tulisimama sana. Nendeni asubuhi, na Jumamosi dokta anaondoka saa sita.