Mapazia ya mtumba, vibuyu na vumbi la Dodoma: uzoefu wangu

Ukiwa mpangaji Dodoma, pambo lolote lipime kwa vumbi kwanza, uzuri utafuata. Mvua zikishakata mwezi wa nne au wa tano, ni ukavu mtupu mpaka karibu na Desemba, na upepo wa Juni na Julai unazoa mchanga wa mtaani na kuuingiza ndani hata dirisha likiwa limefungwa. Mwezi wa tisa simu inajaa picha za nyumba za Marekani zilizopambwa kwa msimu wao wa majani kupukutika: maboga mlangoni, majani mekundu kila kona. Rangi zao nazipenda sana, ila boga likikaa mlangoni kwangu litakuwa sufuriani kabla ya magharibi. Rangi zenyewe, yaani chungwa, kahawia na ile ya udongo, zote nimezipata hapa hapa mjini, na hela yote haikufika elfu 50.

Kilichogeuza sebule ni mapazia ya mtumba kutoka soko la Sabasaba. Wahi asubuhi belo linapofunguliwa, ukichelewa unakuta wajanja wameshachambua. Nilitaka mawili mazito ya rangi ya kutu.

“Dada yangu, elfu 15 moja. Hiki kitambaa cha hotelini, shika mwenyewe!”

“Nimeshashika kaka, na harufu nimeisikia. Nipunguzie.”

Tukamalizana elfu 8 kila moja. Ile harufu ya belo haitoki kwa kufua mara moja: nililoweka usiku kucha na sabuni ya unga, nikasuuza, nikarudia, kisha nikaanika. Jua letu likamaliza kazi. Hayakuchuja rangi wala kusinyaa. Tatizo ni urefu, maana yameshonwa kwa madirisha marefu, kwangu yalikuwa yanaburuza sakafuni na kufagia mchanga. Fundi cherehani aliyakata akayapinda, na vipande vilivyobaki akanishonea foronya mbili za mito ya makochi, kwa hiyo mito na dirisha sasa vinaongea lugha moja. Matundu ya chuma juu yanapita vizuri kwenye bomba la kawaida. Uzito ndio raha yenyewe: pazia jepesi upepo ukija linapaa hadi linaangusha vikombe, haya yanatulia. Jumamosi nayatoa nje nayakung'uta, basi. Kuyafua kwa mikono ni adhabu, sikufichi, na mchana lazima uyafunge pembeni na kipande cha kitenge, la sivyo sebule inakuwa pango.

Stika za ukutani zenye sura ya matofali, hapana. Lipu ya nyumba nyingi za kupanga imepakwa rangi ya maji iliyopauka, inayoacha unga ukiigusa. Stika inashika ule unga, si ukuta. Kwangu zilianza kubanduka kuanzia kwenye kona, zikaondoka na rangi ya mwenye nyumba, na ile mifereji ya tofali bandia ilishajaa vumbi ambalo kitambaa hakilifikii.

Vibuyu, ndiyo kabisa. Niliviokota kwa mama mmoja wa Kigogo anayeuza pembeni ya soko la Majengo, vitatu vya ukubwa tofauti. Gonga kwa kucha usikilize: kikilia kikavu na wazi, chukua, kikilia kizito, ndani bado kuna unyevu na kitaoza. Nafuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya alizeti, vinatoa rangi ya asali. Pembeni nimeweka makaka ya ubuyu, yale yenye ngozi laini ya kijanikahawia. Ubuyu tumekula, kaka nimelikata juu kwa msumeno, ndani nimechomeka matawi makavu. Gharama sifuri.

Mwanzoni mle ndani nilichomeka mashuke ya mtama mwekundu, yakapendeza kuliko kitu chochote pale sebuleni. Ndani ya muda mfupi nikaona unga mweupe chini ya kabati kila asubuhi. Fukusi. Mashuke yakaenda kwa kuku wa jirani, na hao hawakubagua.