Ferrari F355 ya 1996: miaka sita nayo Maskati, injini imeshushwa mara mbili

Nilinunua gari hili Dubai mwaka 2019. Ni Berlinetta nyekundu, yaani ile ya paa lisilofunguka, gia za mkono, kilomita 58,000. Tangu hapo injini imeshushwa mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama pembeni nikiangalia. Namwandikia yule anayepitia bei za F355 na kujiambia kuwa sasa linanunulika. Kununulika linanunulika; hesabu iko kwenye sevisi.

355 maana yake ni lita 3.5 na vali 5 kwa kila silinda. Ni V8, kwa hiyo vali zote pamoja ni 40, nguvu za farasi 380, na injini inazunguka hadi mara 8,500 kwa dakika. Vali hizo zinategemea mkanda wa taimingi wa mpira, na mkanda wenyewe uko mbele ya injini, umebanwa na ukuta wa nyuma ya viti. Mkono hauingii. Ukitaka kuubadilisha unashusha injini nzima pamoja na giaboksi na fremu ya nyuma, bodi inabaki juu. Mkanda ukikatika, pistoni zinagonga vali, na hapo hesabu inakuwa ya injini, si ya mkanda tena. Halafu mpira unazeeka hata gari likiwa limelala. Mimi sifikishi kilomita 2,000 kwa mwaka na bado nabadilisha kila miaka mitatu. Muuzaji akikwambia "halijatembea sana", muulize mkanda ulibadilishwa mwaka gani.

Mara ya kwanza nilipeleka gereji yenye sakafu inayong'aa, nikalipa riali 2,100 za Omani. Ankara iliandikwa mkanda mpya na beringi mpya za kukazia mkanda. Spea za zamani sikuziomba, wala sikujua kuwa ni haki yangu kuziomba.

Mwaka 2022 nikaenda kwa fundi mmoja wa Wadi Kabir, mtu mzima, mzaliwa wa Pemba, aliyeanza kushika injini za Kitaliano kabla mimi sijaanza shule. Injini iliposhuka alifungua kifuniko, akatoa beringi moja, akaifuta kwa kitambaa, akaniwekea kiganjani.

"Zungusha, mwanangu."

Nikaizungusha kwa kidole. Haikuteleza. Ilikwaruza, kama ina punje za mchanga ndani, na pembeni ilikuwa na kutu ya rangi ya kahawa. Mkanda ulikuwa mpya kweli, lakini beringi zilikuwa za zamani, za kabla gari halijawa langu.

"Hii ikikwama, mkanda unakatika hata kama umefungwa jana," akasema.

Nilitafuta pa kukaa. Wiki tatu kabla yake nilikuwa nimempeleka binti yangu mpaka Sur na kurudi, kwa kasi ya barabara kuu, na kile kipande cha chuma kilikuwa nyuma ya mgongo wake. Tangu siku ile kila spea inayotolewa narudi nayo nyumbani. Zimo kwenye boksi la viatu, kila moja na tarehe yake.

Mzee alimaliza kwa siku tisa, riali 1,650 pamoja na spea. Injini ikiwa chini alibadilisha kila ambacho hakifikiki ikiwa mahali pake: mipira ya maji, sili za oili, pampu ya maji. Hapo ndipo alipoona ufa kwenye manifoldi ya eksozi, yale mabomba yanayotoa moshi kwenye silinda, upande wa kushoto. Ugonjwa huu wenye F355 wote wanaujua. Mabomba ni membamba na yamefunikwa kinga ya joto, kwa hiyo ufa huuoni kwa macho, unausikia. Langu lilikuwa linalia tik-tik-tik asubuhi, likipata moto linanyamaza, nami nikadhani ni vali. Manifoldi mbili za chuma kisichoshika kutu zilinigharimu riali 940 nyingine, na sijutii hata baisa moja.

Ninachokiogopa zaidi ni vijibomba ambamo vali hupanda na kushuka. Magari ya miaka ya mwanzo yana vya shaba, navyo huisha mapema. Moshi wa bluu na oili inayopungua ndiyo dalili yake. Kabla ya kununua, lipia kipimo cha kuvuja kwa silinda zote nane. Langu lilipita. Lisingepita, ningeliacha palepale Dubai.

Joto la hapa nalo lina mambo yake. Ngozi ya dashbodi husinyaa na kujivuta kutoka kwenye kioo, na vitufe vinanata kama vimepakwa asali. Vitufe nilivisafisha mwenyewe kwa spiriti na pamba, jioni nne mfululizo, nikavipaka rangi upya. Ngozi nimemwachia mshonaji. Na taa ya onyo la joto la eksozi iliwahi kuniwakia nikipanda mlima wa Amerat. Nikasimama, nikazima, nikaita gari la kubebea. Kumbe kilichokufa ni kile kikompyuta kidogo kinachosoma joto, eksozi yenyewe nzima. Bado ningesimama tena.

Kama unataka gari la aina hii bila kushusha injini, tafuta 360 Modena, iliyotoka 1999. Mkanda wake unafikiwa kwa kufungua kidirisha nyuma ya viti. Au subiri F430 ya 2004, ambayo imeachana na mkanda na kutumia cheni. Ni magari mazuri. Mimi nabaki na hili. Asubuhi gia ya pili inakataa mpaka oili ipate moto, basi natoka ya kwanza naingia ya tatu, taratibu, mpaka nipite Qurum. Nikifika barabara ya pwani na injini imeshachangamka, nikivuka mizunguko 6,000 sauti inabadilika, inapanda kama mtu anayeimba kwa kifua chote, na binti yangu anashusha kioo bila kuambiwa.

Mkanda wa tatu na beringi zake nimeshaagiza. Injini inashuka Novemba, joto likipungua, na mzee ameniambia nije na boksi langu.